Shaba Juu ya Mabati ya Jirani

Ujinga wangu mkubwa pale mtaani Donholm ulikuwa kuuvisha ukuta wa nyumba shaba. Watu wenye akili hupaka rangi. Mimi, mtu wa kukaa nyumbani na kuisifu sebule yangu mwenyewe, nilipata karatasi za shaba kutoka baa ya mjini iliyokuwa ikibomolewa, nikazipigilia ukutani kuanzia chini ya paa hadi juu ya dirisha, maana wakwe walikuwa njiani kutoka Kakamega. Wakafika, baba mkwe akauliza kama nimefungua hoteli. Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Chini ya ukuta huo palikuwa na kibanda cha mabati cha jirani, mama aliyewapikia watu wa kiwandani chai na chapati. Mvua ikipiga shaba yangu, maji yalidondokea kwake. Baada ya misimu kadhaa paa lake likaanza kuvuja, tena pale pale anapokandia unga. Alikuja kwa upole kuuliza kama nyumbani kwangu pia kunavuja. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kidato cha nne, kwamba hiyo ndiyo tabia ya mabati ya bei rahisi. Hata nikamtania kwamba sasa anapika bafuni. Akacheka, maskini. Akajinyima, akaezeka upya.

Nayo mapya yakatoboka.

Safari hii nilijitolea kupanda ngazi nimwonyeshe jinsi muuzaji alivyomdanganya. Huko juu nikainama kutazama. Michirizi ya kijani ilianzia kwenye shaba yangu ikashuka hadi kwenye mabati, na kila ilipotua palikuwa na tundu. Kwingine kote mabati yaling'aa kama ya dukani. Kumbe maji yaliyopita kwenye shaba hula mabati. Nilikuwa nimemlia mama wa watu paa mara mbili, na katikati nikamcheka.

Nilikaa juu ya ngazi muda mrefu, nikitafuta uongo. Nilifikiria hata kusingizia kunguru. Mwishowe nikashuka, nikamwambia yote huku nikitazama viatu vyangu. Nikasema pole, nikairudia, nikaanza na hadithi ya wakwe. Alikung'uta unga mikononi, akanikatiza:

"Jirani, pole haiezekwi. Ng'oa hayo mapambo yako leo, halafu uniletee mabati."