Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Sauti ninayoikumbuka vizuri mpaka leo ni ya vifuniko vya makopo ya maziwa vikianguka kwenye sakafu ya simiti, saa kumi na mbili asubuhi, katika kituo cha kupokea maziwa pale Kapseret. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili, na nilivaa gambuti za kuazima zilizonipita saizi mbili. Ndoto zangu zilikuwa kubwa kuliko hizo gambuti.

Nawaandikia wasichana wanaoanza kazi ya maziwa. Najua kumbukumbu kama hizi huandikwa na wenye mvi, na mimi sijafika hata thelathini. Lakini nimefanya miaka saba na sasa nimestaafu kuajiriwa, kwa hivyo mnivumilie.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Karani wa Mapokezi. Alinifundisha laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa. Kikizama sana, mtu ameongeza maji. Alinifundisha pia kunusa.

"Funua, nusa mara moja, amua," alisema. "Ukinusa mara tatu utaanza kuyaonea huruma."

Baada ya mwaka na nusu nikahamishiwa duka letu la mjini, mtaa wa West Indies, chini ya Mama Meneja. Huko ndiko nilikoingia kwa mursik, maziwa ya kugandishwa ya Wakalenjin. Mursik hutengenezwa ndani ya sotet, kibuyu kirefu chembamba. Unakiosha kwa maji moto tu, unakisugua ndani, unakipaka mkaa wa mti wa senetwet. Maziwa yanachemshwa, yanapoa, yanaingia kibuyuni, yanafunikwa siku nne au zaidi. Kinachoyagandisha ni vijidudu vizuri vinavyoishi kwenye kuta za kibuyu. Siku hizi redio inaviita probiotiki na inasema vinasaidia tumbo. Mama Meneja alikuwa akiviita watu wake.

"Watu wangu wa hapo ndani walitoka kwa mama yangu," aliniambia. "Mimi niliwakuta tu. Wewe pia umewakuta."

Vibuyu vilikuwa sita.

Sasa, Mama Meneja akaenda matanga kwao, na mimi nikasikia Afisa wa Afya anazunguka mtaani akikagua. Nikataka duka ling'ae. Nikachukua dawa ya klorini ya kuoshea sakafu, nikaitia katika kila kibuyu, nikaiacha tangu asubuhi hadi jioni, kisha nikasuuza. Afisa alipokuja alisema, "Hapa kuko safi." Siku hiyo nilitembea kama nimeongezwa urefu.

Mursik ya wiki hiyo haikuganda. Siku ya nne bado ilikuwa inacheza kibuyuni kama maji, na ilinuka tambara. Mama Meneja aliporudi akaonja, akatema.

"Haya yalitoka kwa nani?"

"Kwa Kogo," nikasema.

Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin. Huyu alikuwa mama mzee wa Kapseret mwenye ng'ombe mmoja, na maziwa yake yalikuwa mazito, kwa hivyo ndiyo tuliyoyachagua kwa vibuyu. Halafu, bila kuulizwa, nikaongeza, "Labda ng'ombe wake amedungwa sindano."

Mtu wa maziwa anajua uzito wa maneno hayo. Ng'ombe akidungwa antibiotiki, dawa inaingia kwenye maziwa na kuua vijidudu, na maziwa yanakataa kuganda. Hayapokelewi tena mpaka dawa iishe mwilini. Mama Meneja akampigia Karani simu, na maziwa ya Kogo yakaanza kurudishwa. Kogo hakuwa na riziki nyingine ila hayo.

Tukatia maziwa ya mfugaji mwingine. Yakafanya vilevile. Nikaanza kujua, lakini nikanyamaza.

Aliyenifungua mdomo ni Mama Habiba, Msomali wa duka la nguo jirani, mteja wetu wa kila siku. Alionja, akaweka kikombe chini, akaomba aletewe kibuyu akinuse.

"Mama, hii imekufa," akamwambia Mama Meneja. "Kwetu susa, ile ya ngamia, ikifanya hivi tunajua bibi arusi ameosha chombo na sabuni." Akacheka sana. "Nyinyi mmeoa lini?"

Mimi sikucheka. Nilienda nyuma nikalia kidogo nikiwa nimekalia kreti, kisha nikarudi.

"Mama, ni mimi. Niliosha na klorini."

"Vyote sita?"

"Vyote."

Mama Meneja akangoja Mama Habiba atoke. "Na Kogo amerudishiwa siku ngapi?"

"Nane."

"Mimi umeniambia. Sasa enda umwambie yeye. Kwa mdomo, usipige simu."

Nilimkuta Kogo nje ya nyumba akichambua maharagwe. Nikamweleza yote. Hakuacha kuchambua.

"Nilimwambia karani huyu ng'ombe hajaona sindano," akasema. "Aliniangalia kama mwizi."

"Pole, Kogo. Kesho yatapokelewa. Karani ameambiwa kosa ni langu."

"Na vibuyu vyenu?"

"Havifai tena."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Keti hapo." Akaingia jikoni kunimiminia mursik yake, tukaitumie kama mbegu katika vibuyu vipya.

Mwezi uliopita niliacha kazi, nikafungua kibanda changu Chepkoilel, karibu na chuo kikuu. Nauza mursik, maziwa lala yaani mtindi wa kawaida, na uji wa wimbi uliochachuliwa. Wanafunzi wakiniuliza dawa ya tumbo nawaambia mimi nauza chakula. Anayeumwa aende hospitali. Wengine nawaambia wale pia maharagwe na mboga, maana hata vijidudu hula. Na ninyi mnaoanza, jifunzeni kunusa, lakini msitaje jina la mtu mpaka mmenusa mikono yenu.

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Siku ile Kogo alipokuwa jikoni, niliona kopo lake limeegemezwa kwenye nguzo ya ua. Ubavuni lilikuwa na msalaba wa chaki, ile alama ya maziwa yaliyokataliwa. Nikainuka, nikalowesha ncha ya leso yangu kwenye ndoo, nikaufuta mpaka ukaisha. Kisha nikarudi nikaketi pale aliponiambia.