Ua la Dirishani kwa Babu

Juzi, kwenye bustani ya kuuza miche pale Kibaha, niliinama kunusa ua lenye umbo la nyota na rangi ya nyama. Nzi wakanijia usoni, nami nikarudi kimawazo Kisarawe, mchana ule wa utotoni.

Bibi alikuwa na ua kama hilo kwenye kopo la maziwa, dirishani kwa babu aliyelala na kidonda mguuni. Likichanua, lilinuka mzoga. Mashina yake yalinenepa kwa kijiko kimoja cha maji kwa wiki, huku babu akikonda. Nikaamini linamla yeye.

Mchana huo balozi wetu wa nyumba kumi alibisha hodi mlango wa mbele, akaziba pua.

"Shikamoo mama. Harufu gani hii?"

"Marahaba mwanangu. Ua langu limechanua," bibi akasema, akicheka.

Lakini ua lilikuwa limenyauka na kuanguka tangu siku mbili nyuma. Nililiokota mwenyewe. Nikafungua mdomo kusema, bibi akanifinya.

Babu alikuwa amekataa kukatwa mguu, na balozi angejua, angempeleka hospitali. Hayo niliyaelewa ukubwani. Siku ile niliona tu nzi wakilipita kopo, mmoja mmoja, wakiingia ndani kwa babu.