Saa Sita ya Nani?

Bado naiona siku ile, mwanangu, na ile pikapu nyekundu ikiwa imeinuliwa juu ya mawe. Ilikuwa Thika, miaka ya tisini. Babu yako Ng'ang'a, mume wangu, alikuwa dereva wa Mama Nyokabi, yule aliyekuwa na mashamba ya nyanya kule Ngoliba. Nyanya zilikuwa zinafika sokoni zimepondeka. Mama Nyokabi akasema Ng'ang'a anakimbiza gari. Ng'ang'a akasema anaenda polepole. Nani angejua? Mshale wa spidi ulikuwa umekufa, umelala kwenye sifuri, gari liende lisiende.

"Tengenezeni hiyo mshale," Mama Nyokabi akasema. "Nikija jioni nipate haisomi, funguo napea Kariuki."

Kariuki alikuwa mpwa wake, na alikuwa ameshaanza kuosha lile gari bila kutumwa.

Basi Ng'ang'a akaenda Ruiru kwa Karanja, muuza spea, akarudi na sensa mpya ya kupima spidi. Kitu kidogo cha kutosha kiganjani, na mbele yake kigia cha plastiki chenye meno. Fundi wetu alikuwa Hamisi, Mwislamu aliyezaliwa papo hapo Thika, na Kikuyu chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Mimi nilikuwa nimewaletea githeri tu. Ningeacha sufuria niende, lakini tangu utotoni nikiona kitu kimefunguliwa siwezi kupita. Nikachuchumaa.

"Mama Wairimu, unatafuta kazi?" Hamisi akaniuliza kutoka chini ya gari.

"Nataka kujua tu. Hiyo inajuaje gari inakimbia?"

"Giaboksi ikizunguka, inazungusha hii meno. Sensa inapeleka habari kwa waya mpaka kwa mshale."

Akanionyesha jambo lililonishangaza. Kile kikombe kinachoshika sensa ni cha mviringo, lakini tundu lake haliko katikati, limekaa upande. Ukikizungusha, kigia kinasogea karibu na mwenzake wa ndani ya giaboksi au kinakwenda mbali. Ndiyo sababu ukingoni kumechorwa namba. Unahesabu meno ya kigia, unatafuta namba yake, halafu unaigeuza itazame mahali panapotakiwa.

"Itazame wapi?" Hamisi akauliza.

"Saa sita," Ng'ang'a akajibu. "Karanja ndiye ameniambia."

Hamisi akaigeuza namba ikatazama juu, akakaza. Wakazunguka na gari nyuma ya gereji. Mshale ukaruka kama panzi, ukaanguka, ukaruka tena, na huko chini kitu kikawa kinasaga. Hamisi akafungua upesi. Meno mawili yalikuwa yameanza kulika.

"Tukirudia hivi yataisha yote," akasema. "Karanja ako na ingine?"

"Ilikuwa hiyo moja."

Ng'ang'a akakaa juu ya tairi, githeri hakuigusa. Nilijua anamwona Kariuki ameshika usukani.

Sasa, mwanangu, mimi saa nilijifunza ukubwani, kwa Mama Teresia wa kanisani, na alinisumbua sana kwa sababu saa ya Kizungu na yetu hazisemi namba moja. Nikauliza, "Karanja alisema saa sita kwa Kiswahili?"

"Hapana. Alisema siksi oklok. Si ni sita?"

"Wee Ng'ang'a! Siksi oklok wewe unakuwa wapi?"

"Nakuwa nyumbani, nakunywa cha..." Akatazama saa yake ya mkononi.

Hamisi alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye giaboksi. "Ni saa kumi na mbili! Mkono mfupi unaangalia chini! Na mimi nimegeuza juu kama mtu anangoja kula lanchi!"

Wakaigeuza namba ikatazama chini. Safari hii hakuna kilichosaga. Mshale ukapanda taratibu, ukatulia.

Mama Nyokabi alipofika akapanda mbele, akamwambia Ng'ang'a, "Endesha vile wewe huendesha." Waliporudi, babu yako alikuwa amelowa jasho. Mshale ulikuwa umepita themanini kwenye barabara ya mawe, na yeye akiapa anatambaa!

"Mama, hata mimi sikujua," akasema.

Mama Nyokabi akamtazama sana. "Hiyo naamini. Uso wako ulishtuka kabla ya wangu. Kaa na funguo, lakini macho yako yawe hapo kwa mshale." Kariuki akarudisha ndoo.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu. Ukitumwa neno, lifikishe kama ulivyolisikia, na lugha yake ileile. Ukipewa neno, usione haya kuuliza limetoka kwa nani na alilisemaje. Likibaki na giza, mwambie mwenzako akuonyeshe kwa kidole: juu au chini. Na pale unapojiona una hakika kabisa, kama babu yako na mwendo wake, tafuta kitu cha kukupima, ukubali kitakachosema.

Mungu akupe masikio yanayosikia na ulimi usioogopa kuuliza. Kila barabara utakayoshika ikufikishe salama, na uwakute wako wanakungoja.