Jeneza Lililoletwa Mlangoni Petu

Harufu ya mgomba uliokatwa asubuhi, ule utomvu unaonata vidoleni na kuacha madoa yasiyotoka nguoni, kwangu ni harufu ya mechi ya watani. Bagamoyo ya utoto wangu, timu mbili kubwa, Kijani na Wekundu, zilipokutana Dar es Salaam, washindi waliunda jeneza la vigogo vya migomba kesho yake, wakalifunika kanga ya rangi ya walioshindwa, wakalizungusha mitaani kwa vilio vya uongo. Walibisha hodi kwa watani wao kutoa pole. Mfiwa hakuruhusiwa kununa. Alitakiwa kuketi mkekani na kupokea mkono wa kila mtu, na kila mtu alitakiwa kuutoa. Masheikh walikemea kila msimu, na kila msimu jeneza lilitoka.

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa tawi la Kijani. Nyumba yetu ilikuwa ya kijani kuanzia mlango hadi ndoo za kuogea, na mtoto wa humo alihesabiwa mwanachama kabla kitovu hakijadondoka. Msimu ambao Wekundu walifungwa na kila aliyepita njia, mimi, msichana wa darasa la nne, nikatangaza kwenye sinia la wali kwamba mimi ni Mwekundu. Baba akauliza nani kanitia maneno hayo. Hakuna, nikasema, na ilikuwa kweli. Siku hizi wataalamu husema redioni kwamba shabiki hufuata ushindi ili naye ajione mshindi. Basi waniambie mimi nilifuata nini, maana kule kulikuwa na kipigo tu.

"Mwacha asili ni mtumwa," baba alinitupia. Kisha akatumia ujanja: angenipeleka Dar kuitazama mechi ya watani, nikae naye jukwaani, mradi nivae jezi ya kijani. Sikupata kutaka kitu utotoni kama nilivyotaka kuuona uwanja ule. Jezi ilikuwa mpya, bado inanukia duka. Niliikunja nikamrudishia. Shangazi, dada yake baba, akacheka sana. "Mwache, kaka. Mwanamke hana timu, ana mume. Akiolewa atabadilika." Mama alikuwa akichuja tui, hakuinua uso.

Siku ya mechi walijaa kwenye Fuso wakaondoka, mimi na mama tukabaki na redio. Wekundu wakafungwa vibaya. Nililia mpaka kwikwi, na wala sioni haya kusema.

Asubuhi jeneza likaja. Nilidhani wangelipeleka kwingine, lakini baba, kwa kutaka kunikomesha, alilileta kwake mwenyewe, shangazi nyuma yake akiomboleza kama aliyefiwa kweli. Begani baba alikuwa na ile jezi.

"Mfiwa, marehemu ndiyo hivyo keshakwenda. Vaa hii, msiba uishe."

"Pole nimepokea, baba. Jezi sitaki."

Watu wakaguna. Utani ukamtoka usoni. "Ndani ya nyumba yangu?"

Hapo mama akatoka na mkeka, akautandika kizingitini, akaketi kando yangu na kujitanda kanga vizuri.

"Wafiwa tuko wawili," alisema. "Mume wangu, nguo za kijani nimezivaa tangu siku uliyonitoa kwetu Pangani. Timu sikuhama."

Shangazi alisahau kulia. Tawi zima likamgeukia baba, mwenyekiti wake. Lakini desturi ni desturi, na jeneza alilileta mwenyewe. Aliinama, akampa mama mkono wa pole, halafu akanipa mimi.

Sasa majeneza yamekwisha, watu wanatumiana picha za kejeli kwenye simu. Mwanangu anashabikia timu ya Ulaya, na mwaka ikiyumba huhamia nyingine, huku akiniita mimi king'ang'anizi. Na awe hivyo. Ananiuliza nimepata nini kwa miaka yote hii, kana kwamba mtu hukaa kwao kwa sababu analipwa. Juzi tumefungwa tena. Asubuhi nilivaa jezi yangu nyekundu nikaenda sokoni, nikasimama katikati ya wanaume wa Kijani na kuwaambia watoe pole zao upesi, nina kazi.