Mabega Mawili ya Mteja Mmoja

"Kitu cha bure, aliyekitengeneza anakula nini?"

Jirani muuza maji alimuuliza hivyo fundi cherehani siku wifi yake alipomwekea kwenye kompyuta kuukuu programu ya kuchorea mikato ya nguo. Swali likamkaa fundi rohoni. Programu hakuigusa. Aliendelea na mtandao wake aliouzoea, wenye watu wengi, alikoweka picha za karatasi zake zote za kukatia. Karatasi zenyewe alizichoma, maana zilishakuwa nyumba ya mende.

Mwezi haukuisha, akaunti ikafungwa. Alitakiwa athibitishe kuwa ni yake kwa namba ya simu aliyoipoteza zamani. Akaandika kuomba, akaandika tena. Jibu lilikuwa lile lile, kama la kasuku.

Tangu hapo hakutulia. Anakaa, anasimama, anafungua simu, anaifunga. Chai inapoa mbele yake. Jumamosi mwalimu mstaafu, mteja wake, anamwoza binti yake na anataka nguo mpya, na mwalimu huyo bega lake la kushoto limeshuka. Ilimchukua fundi miaka minne kuupata mkato wa kumfanya asimame mbele za watu bila mtu kuliona bega. Mkato huo sasa uko kule, umefungiwa.

Wifi yake akamwambia atumie ile programu. Ilitengenezwa na watu wengi wa kujitolea, hata matumbo yake, yaani maandishi yanayoiendesha, wameyaacha wazi, anayejua anaruhusiwa kurekebisha.

"Basi haina mwenyewe," fundi akasema. "Ikiniharibia nitamlalamikia nani?"

"Na huyo mwenye mtandao umemlalamikia siku ngapi, wifi?"

"Ya nane leo."

"Kakwambiaje?"

Fundi akaokota uzi sakafuni, ingawa haukuwa wa kuokotwa.

Mwalimu akaitwa, akapimwa upya. Programu ilichora vizuri kiuno na kifua, lakini kwa bega ilikuwa na nafasi ya kipimo kimoja tu, ikayatoa mabega sawasawa kama ya sanamu dukani. Fundi akamwomba Mungu subira. La kushoto akalichora kwa chaki, akashona, akafumua, akashona, akafumua tena. Ijumaa mwalimu alivaa, akageuka mbele ya kioo, na badala ya kutazama bega akaanza kuulizia viatu vya kuvalia. Ndipo fundi aliposhusha pumzi.

Lakini hata mwalimu alipokwenda, fundi hakutulia. Alijua wateja wengine wa namna hiyo wanakuja. Wifi akamwonyesha mahali pa kuwaandikia waliotengeneza programu. Fundi akauliza kama watu wasiomjua watamsikiliza. Wifi akasema hilo hajui, ila huko wanaosoma ni watu. Fundi akaandika kwa kidole kimoja, akafuta salamu iliyokuwa ndefu mno, akaandika upya:

"Mimi ni fundi wa nguo. Naomba muweke mahali pa kuandika bega la kushoto peke yake na la kulia peke yake, kwa sababu watu hawako sawa pande zote."