Mpafu Zilizokataa Kulainika

Juzi nilimpigia mjukuu wangu kelele hadi jirani akachungulia juu ya ua. Masikini, hakuwa na kosa. Alitoka sokoni hapa Kasongo na bakuli la mpafu, yale matunda meusi ya mti mkubwa wa porini, yenye nyama ya mafuta, na kwa kuwa pikipiki ilikuwa ikimngoja nje, akayamwaga kwenye sufuria, akabandika, akaanza kupuliza makaa. "Epua! Epua hiyo sufuria!" Niliruka mimi, na magoti haya ambayo asubuhi hayakubali kwenda kuswali bila mabishano. Akanitazama kwa mshangao.

"Nyanya, kuko nini? Iko matunda tu."

Nikaiepua mwenyewe kabla maji hayajapata moto. Yeye hakungoja maelezo. Pikipiki ilipiga honi akaenda zake. Basi nikueleze wewe, ndugu yangu, maana hili neno likishanishika hunitembeza uani mpaka jua lizame.

Shamba la nyanya yangu, mzaa baba, lilikuwa kando ya barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, kabla hujafika Wamaza. Lilikuwa dogo. Michungwa na milimao ilipandwa na baba yake babu, zamani za misafara, na wazee wa kwetu walikuwa wakisema penye mchungwa mzee alipita mngwana. Nyuma ya michungwa ilisimama mipafu, mirefu mno, ambayo haikupandwa na mtu. Babu alikuwa amesoma chuoni mpaka akahitimu Kurani, na alituambia kwamba hizi ndizo zeituni tulizojaliwa sisi wa bara. Mungu ameapa kwa tini na zeituni, kwa hiyo watoto tusiteme kokwa ovyo chini ya mti ule. Tulitema hivyo hivyo, akiisha kugeuka. Utomvu uliokauka kwenye magome nyanya aliuchoma kama ubani jioni ya Alhamisi, na nguo zetu tulirudi nazo mjini zikinukia, na mikono yetu ikinuka maganda ya machungwa.

Lakini ziara ninayotaka kukuambia haikuwa ya kutembea. Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, mwanzo wa kiangazi. Baba alikuwa amepata ukarani kwenye mgodi mmoja, mbali kaskazini, na kesho yake tulikuwa tunaondoka. Babu alikwisha kufariki. Nyanya alibaki peke yake na mguu uliovimba, na monitere wa pamba, yule msimamizi wa serikali aliyelazimisha watu kuilima, alikuwa amekwisha kuja shambani, akasimama katikati ya michungwa, akapima nafasi kwa macho. Kila mtu alijua maana yake: miti itakatwa, ipandwe pamba. Kwa hiyo tulikwenda kumchukua nyanya aje kuishi nasi. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajasema ndiyo wala hapana.

Aliyeitaka hiyo ndiyo kuliko wote alikuwa mama yangu. Mama alikuwa yatima, mtoto wa wavuvi wa Nyangwe, aliyelelewa nyumba hii na ile. Tangu habari za mgodi zifike alikuwa akipanga nyanya atalala upande gani wa nyumba tusiyoijua bado, na nani atamkanda mguu. Lakini alikuwa na haya kwa mkwewe, na wanaume wakizungumza yeye alinyamaza. Nadhani nyanya hakupata kuyasikia hata moja katika hayo.

Kamiyo ya pamba, lile lori la kubebea marobota, ilitushusha asubuhi ikielekea Kabambare. Ilikuwa itupitie alasiri ikirudi. Dereva wake alijulikana: hangoji mtu, hata mke wake. Baba hakukaa kitako tangu tulipofika. Alikwenda barabarani, akarudi, akatazama jua, akachuma chungwa, akalimenya lote kwa ufundi, akalisahau juu ya kinu. Mimi na kaka yangu tuliambiwa tuokote machungwa, tukaokota huku tukikimbia, kwa sababu wakubwa wakihangaika watoto hupandwa na wazimu. Kuku nao walikimbia. Nyanya peke yake alitembea taratibu, akiburuta mguu wake, akapepeta mchele punje kwa punje, mpaka baba akashindwa.

"Mama, tumekuja kukuchukua. Ile kamiyo itarudi alasiri."

"Nimesikia, baba." Alimwita hivyo mwanawe, kwa kuwa baba alirithi jina la baba yake nyanya. "Mutakula kwanza. Neno kubwa halijibiwe na njaa." Kisha akamgeukia mama. "Mukamwana, leo mpafu utalainisha weye."

Hapo lazima nieleze desturi. Kwetu watu hawaagani na mkwe bila mkamwana kulainisha mpafu, wakae wale pamoja na wali au muhogo, na chumvi kidogo. Mpafu haipikwi. Maji huchemshwa peke yake, yakaepuliwa, yakaachwa mpaka mkono uvumilie, ndipo zinatiwa, zinafunikwa kwa jani la mgomba, na watu wanazungumza. Ukiziweka motoni zinakakamaa, na zikishakakamaa hazirudi tena, hata uzilaze kutwa. Kutokana na hayo watu wa upande ule walikuwa na msemo kwamba mpafu zikigoma, aliyezitia maji, moyoni mwake hamna nafasi ya yule anayempikia. Nyanya aliusema kila mwaka kwa kicheko, akimtania jirani yake aliyemtekea maji, nasi tukacheka. Nilidhani ni utani.

Mama alifanya kila kitu sawasawa. Alichovya mkono, akautoa, akangoja, akachovya tena, akazitia, akafunika. Jirani alikuja akakaa karibu na nyanya. Samaki wa mawese alikuwa tayari, wali tayari, limao limekatwa. Niliingia ndani kutafuta chumvi, na nyuma ya mlango nikaona mkeka wa nyanya umekunjwa, umefungwa kwa kamba ya mgomba, na juu yake birika ya babu ya kutawadhia, imefungwa kitambaa. Nikadhani amefagia nyumba kwa ajili yetu wageni. Nikachukua chumvi nikatoka.

Ndipo honi ikasikika, kule mlimani. Kamiyo ilikuwa imewahi.

Baba akaruka juu. "Mama, jibu basi! Ile gari haitatungoja!"

"Tutakula, nimesema."

Mama alifunua jani, akabonyeza tunda moja. Lilikuwa gumu bado. Akamtazama baba aliyekuwa akizunguka kiwanja, akatazama barabara. Akakiteleka tena chungu kwenye mafiga na kukisukumia kijinga cha moto. Kidogo tu, alijiambia, nilimsikia, kidogo tu ziwahi. Alikuwa na haraka ya kuisikia ile ndiyo. Maji yakaanza kuvuma, na jirani akakigeukia chungu.

Alipozipakua, ngozi ilikuwa imejikunja. Nyanya alichukua moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaijaribu kwa jino, akairudisha sahanini polepole. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimtazama mama kwa muda mrefu, namna unavyomtazama mtu uliyedhani unamjua.

"Zimekataa," akasema.

"Mama, ni haraka ya kamiyo, mimi..."

"Haizuru, binti yangu. Muende salama. Mimi ninabakia na miti yangu."

Baba aliomba, akapiga magoti vumbini na suruali yake ya ukarani. Honi ililia barabarani, ikalia tena. Mama alisimama na mikono yake miwili ikichuruzika maji, na haya yake yakamfunga ulimi. Mkamwana wa siku zile hakubishana na mkwewe mbele ya watu. Nyanya mwenyewe alitujazia kapu la machungwa, akamtilia kaka yangu limao mfukoni la kunusa asitapike njiani. Wali tuliuacha kwenye sahani. Nilipogeuka, nikiwa juu ya marobota ya pamba, nilimwona akiwatawanyia kuku ule wali.

Huko mgodini mama alifungua pindo la kitenge chake, na zile mpafu ngumu zilikuwamo. Alizilaza kwenye maji ya vuguvugu, jioni akazibonyeza, asubuhi akabadilisha maji. Baba alimwambia azitupe. Hakuzitupa mpaka zilipoota ukungu.

Mvua mbili zilipita. Siku moja yule jirani wa nyanya alifika kumtembelea mwanawe aliyefanya kazi mgodini, akaja kwetu na birika ya babu, na alipoiweka chini hatukuhitaji kuuliza. Alisimulia ugonjwa, mazishi, michungwa iliyokatwa. Kisha, bila ubaya wowote, akamwambia mama:

"Siku ile muzigo alikuwa amesha kuufunga. Aliniambia anangojea tu chakula cha mukono wako, halafu atapanda kamiyo na nyie."

Mama hakulia. Alitazama mikono yake. Nami nikakumbuka mkeka nyuma ya mlango, nikashikwa na hasira ambayo mpaka leo sijui nimwelekeze nani: dereva, monitere, mpafu, msemo wa watu wasio na kazi. Mtu mmoja alitaka kusema ndiyo, mwingine alikuwa akifa kwa kutaka kuisikia, na kati yao kulikuwa na chungu.

Nilikwenda kupaona pale, miaka baada ya Wabelgiji kuondoka. Pamba nayo ilikuwa imekwisha kuondoka. Kulikuwa na matete, na mlimao mmoja mkongwe usioogopa mtu. Mipafu haikuwapo, walisema ilipasuliwa mbao. Siku hizi hapa mjini Alhamisi wanachoma udi wa dukani, na ukimwambia kijana kwamba miti ile ilikuwa na ubani anakuitikia kwa adabu huku akitafuta funguo za pikipiki.

Mama aliishi mpaka uzee. Kila msimu alilainisha mpafu, na yeye hakuzila. Alitia mkono kwenye maji akauacha humo, maji yakapoa kabisa. Tulikuwa tukimwambia, mama, zimekwisha kuwa tayari, tuna njaa. Anajibu bado.

Basi juzi, baada ya kelele zangu, niliyapasha maji peke yake, nikangoja mkono uvumilie, nikazitia. Jani la mgomba nililikata uani. Jua lilipoanza kuinama mjukuu wangu alirudi, kofia ya pikipiki bado kichwani, hakuketi.

"Nyanya, iko tayari? Yule wa pikipiki angali anangoya."

Nilizibonyeza chini ya maji. Zilikuwa laini tangu adhuhuri.

"Bado," nikamwambia. "Vua kofia, ukae."