Marehemu Aliyebisha Hodi Redioni

Marehemu alibisha hodi redioni kwetu asubuhi, akaomba maji.

"Mimi ndiye Evaristo Maidana," akasema.

Nikashtuka. Magazeti mawili yalikuwa mezani, picha ileile: mtu kalala kifudifudi barabarani, koti la kiwanda, mgongoni jina MAIDANA.

Gazeti moja: "Auawa kwa mawe ya wagomaji." La pili: "Polisi wamuua mgomaji."

"Nimekufa mara mbili, dada, na bado nina njaa."

Don Anselmo, mkuu wetu wa redio, hakucheka. "Kesho mji mzima wa Rosario unaandamana kwa jina lako!"

"Basi niandamane nao."

"Ukionekana hai, gazeti la matajiri litasema mgomo wote ni uongo. Jifiche mpaka kesho, kijana."

"Mzee, mama yangu yuko mji wa Victoria, ng'ambo ya mto. Hana mtu. Ana redio yenu tu."

Ile "redio yenu tu" ilinichoma.

"Taarifa ya saa sita naisoma mimi," nikamwambia. "Nitasema uko hai. Nakuahidi."

Don Anselmo akanitolea macho. "Ukisema, kesho usirudi hapa."

Nikamgeukia Maidana. "Sasa koti lako lilifikaje kwa huyo aliyekufa?"

"Kwenye vizuizi vyetu vya barabarani tunabadilishana makoti. Mabosi wakipiga picha, wasijue wamfukuze nani."

"Ulibadilishana na nani?"

"Kijana mmoja, simjui. Moshi wa matairi ulikuwa mzito. Mtani kweli, kaniambia nisimchafulie koti."

Koti la kijana huyo Maidana alikuwa kalivaa ndani nje, kuwakwepa polisi. Akalivua, akaligeuza.

FERREYRA.

Hilo ni jina la ukoo wetu. Leandro, mdogo wangu, hakulala nyumbani. Tulijua yuko vizuizini na wenzake.

Don Anselmo akaketi. Sauti ikamlegea. "Binti, nenda kwa mama yako kwanza."

Mabasi hayakuwepo, nchi nzima imegoma. Simu za mtaani kwetu zilikuwa zimekatwa. Na ng'ambo ya mto kulikuwa na mama mwingine, anamlilia mtoto aliye hai.

Magazeti yalibishana nani kaua. Hakuna lililouliza nani kafa. Wewe unayesoma haya, anza na swali hilo, kabla hujachagua upande.

Saa sita nikakaa mbele ya kipaza sauti.

"Evaristo Maidana yu hai."

Basi. Leandro sikumtaja.

Lakini mama yangu anaijua sauti yangu, akasikia ndani yake kuna msiba. Baadaye aliniambia kwamba palepale alizima jiko, akavaa viatu, akaanza kutembea kuja kwangu.